Beseni la Dobi

Beseni ni langu. Siku zote lafua mashuka
ya Wataliano wa nyumba za ufukweni;
mara mbili kwa mwaka nalisugua kwa jivu na ndimu,
nalibeba kichwani hadi Kisumu Ndogo,
tukaoshane miguu.

Wamenonaiti wa Malindi tu watu kumi na tisa
chini ya mabati kumi na mawili.
Majirani huuliza: nyinyi kanisa gani,
hamna spika, hamkeshi mkipiga kelele,
na mtoto hambatizi mpaka aseme mwenyewe?
Nami hujibu huku naanika:
sisi ni wale waliotoswa mitoni zamani
kwa kukataa ubatizo wa serikali.
Wao hucheka. Basi angalieni, Sabaki si mbali.

Imani hii mama aliipokea Shirati
kwa mzungu mrefu, Bwana Eshbach.
Nchi yake ilipomwita vitani alisema la,
ikampeleka hospitali ya wenda wazimu,
miaka mitatu akiwaogesha.
Alifundisha: ndiyo yako iwe ndiyo, usiape.
Alisimulia habari ya mkimbizi aliyevuka ziwa la barafu,
askari aliyemfuata akatumbukia,
naye akarudi, akamvuta, akakamatwa, akachomwa moto.
Watoto wa hapa huniuliza:
barafu kama ile ya soko la samaki?
Mtu ataikanyagaje?
Hapo ndipo huishia. Kuhusu kurudi
hawajaniuliza hata siku moja.

Mwezi wa nane akaja mjukuu wa Eshbach, Ndugu Delmar,
pamoja na marafiki wa kanisa jingine,
watu wa jukwaa na jenereta,
bendera yao imeshonwa kifuani, upande wa moyo.
Alisema kule kwao Mungu amekwisha kuchagua mtu,
tufunge siku tatu ili ashinde,
ukuta usimame, wageni wasiingie.
Mwaringa akauliza, "Wageni gani?"
Mkalimani akakohoa.
Swali hilo halikuvuka.

Halafu kofia nyekundu, moja moja, kila mtu.
Kofia za kampeni twazijua.
Za kwetu huja na nusu kilo ya sukari;
kura zikihesabiwa, twaepulia sufuria.

Saa ya kuoshana, Delmar alipangiwa Mwaringa,
bawabu wa usiku, mtu wa tochi na filimbi.
Kampuni ilimpa bunduki na nyongeza ya elfu nne;
aliirudisha bunduki, na nyongeza ikaifuata.
Nitasema haki: Delmar aliinama vizuri,
kama mtu aliyefundishwa utotoni.
Alifika hadi katikati ya vidole,
hadi ule ufa wa kisigino.
Kisha kofia ikateleza.
Chubwi.

Rangi ikaanza kutoka.
Kwanza kama uzi, kisha kama chai ya rangi,
kisha maji yote,
na miguu ya Mwaringa ikainuka humo
kama ya mtu aliyepita machinjioni.

Hakuna aliyeomba. Hata yule wa jenereta.
Nikasema, wala si kwa hekima, ni kazi yangu tu:
"Nguo inayochuja hufuliwa peke yake."
Hilo mkalimani alilivusha.
Delmar akaitazama mikono yake,
kwa muda mrefu, kama aliyepewa ya mtu mwingine.
Sijui alisikia nini.
Mama alipata kunieleza mikono ya Eshbach,
ilivyobabuka kwa sabuni ya ile hospitali.
Nilitaka kumwambia. Sikujua nianzie wapi.

Mwaringa alikataa kuoshwa mara ya pili.
Alivaa ndara, akaenda lindoni na miguu yake ya waridi.

Jumatatu nilikuta mduara mwekundu ndani ya beseni.
Nimetia jivu. Nimetia ndimu na mchanga wa pwani.
Bado upo.
Mashuka ya Wataliano siku hizi
nayafulia kwenye ndoo.