Taa ya Ubavuni

Baba hupima ukuta kwa taa, si kwa mkono.
Huilaza kurunzi ubavuni mwa chokaa
na kila kijishimo huota kivuli.
Nililijua hilo kabla sijajua kusoma,
ndiyo maana darasani sikukaa karibu na dirisha:
mwanga wa ubavu hausitiri.

Chunusi zilinijia darasa la saba,
zikakaa miaka sita,
kama wageni wa arusi waliokosa boti ya kurudi Pate.
Nilizikamua. Nasema kweli.
Kwa kucha, kwa pini ya mtandio,
mlango nimeukomea, kioo cha mama mapajani,
na kila usaha ulipotoka nilidhani nimeshinda.

Shangazi Barke akaleta kopo lisilo na jina.
“Paka usiku, asubuhi utakuwa kama yai.”
Asubuhi nilikuwa kama yai, naam,
lililomenywa na mtoto.
Mama akarudi kwenye liwa na marashi ya mawaridi.
Ikapoza, ikanukia.
Mashimo yakanukia.

Daktari Zuwena huja Amu mara moja kwa mwezi.
Alinishika kidevu akanigeuza, dirisha likawa ubavuni,
nikafumba macho
kana kwamba mimi ndiye nitakayeona.
“Haya meusi ni madoa. Yatapauka, ukijikinga na jua.
Haya ni makovu. Ngozi imebomoka chini,
hakuna mafuta ya kuijaza kutoka juu.”
Akanieleza sindano nyembamba, nyingi,
za kuitoboa kidogo kidogo
hadi iamke ijijenge yenyewe.
“Lakini kwanza chunusi zitulie.
Hatukarabati nyumba inayoungua.”
“Yataisha?”
“Yatapungua.”
Neno hilo nililibeba vichochoro vyote
kama bilauri iliyojaa pomoni.

Baba alikuwa Mkomani, juu ya jukwaa,
anabandua chokaa kuukuu nyumbani kwa Shekuwe.
Nikamweleza. Hakusema pole.
Alishika patasi akaudonoa ukuta, ta, ta, ta,
pale pale palipokuwa laini.
“Palipo laini hapashiki,” akasema. “Sharti upaumize.”
“Na ukipaka nene, umalize mara moja?”
Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni.
“Nene hupasuka. Nyembamba, ungoje. Tena nyembamba.”

Mara ya kwanza uso uliwaka siku tatu.
Ya pili ilingoja Shekuwe alipe.
Ya tatu bado.

Jana stima ilikatika.
Nikaichukua kurunzi ya baba,
nikailaza shavuni mbele ya kioo.
Vivuli vipo.
Vimefupika, au nimevizoea, sijui.
Nilikuwa nimefika cha kumi na nne
aliposema kutoka ukumbini:
“Taa yangu iko wapi?”
“Ninayo. Napima.”
Akanyamaza. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.
“Ukuta mbichi haupimwi,” akasema.