Jiwe Juu ya Televisheni

Siku mgodi ulipofungwa, baba alirudi Sohar
na kofia yake ya kazi, bahasha ya mwisho,
na jiwe moja la miraba ya manjano
iliyong'aa kushinda bangili za mama.
Mama akalikalisha juu ya televisheni,
kwenye kitambaa alichokitarizi mwenyewe
alipokuwa msichana, Wete.

Miaka kumi na moja ya mvuke wa pwani yetu.
Jiwe halikupigwa na mtu, halikuanguka.
Lilivimba, likapasuka, likatoa unga mweupe,
na siku mama alipolinyanyua afute vumbi
kitambaa kilikuwa na tundu, kingo zake nyeusi,
kama kilichotafunwa na kinywa kisicho meno.
"Jiwe hili lina njaa," akasema, akalitupa jaani.

Nayakumbuka hayo nikiwa juu ya kifusi cha Hayl Sidr,
Murad Bakhsh akizungusha keekee ya udongo.
Kifusi hiki ni jiwe la baba, ila ni kilima kizima,
na hakuna aliyekitandikia kitambaa.

Mvua hapa huja mara mbili kwa mwaka,
na ikija haibishi hodi.
Hewa imeshatangulia. Maji yanakuta kiberiti tayari,
tindikali huzaliwa gizani, bila mkunga.
Huiamsha shaba, huiamsha zinki,
huifungulia risasi, huifungulia arseniki,
wafungwa wa mwamba tangu mwamba uwe mwamba,
na msafara unaanza kuteremka
chembe kwa chembe.

Si wote wafikao.
Risasi ina miguu mizito, hukaa njiani mapema.
Shaba ikikutana na chokaa ya wadi hutubu,
hugeuka ukoko wa kijani, mzuri wa kutiwa peteni.
Arseniki hujishikiza kwenye kutu
kama kupe kwenye sikio la mbuzi,
ikingoja kutu ilegee.
Kadimiamu ndiyo mwendaji. Haina rangi, haina harufu,
humpita kila mlinzi kwa salamu.

Halafu kiangazi, nyuzi arubaini na nane.
Jua linainyonya ardhi kwa mrija
na vilivyozama vinapanda tena, kinyumenyume,
vinachanua juu: chumvi nyeupe, chumvi ya samawati,
bustani isiyopandwa na mtu.
Mbuzi hulamba. Upepo huchukua fungu lake.
Mvua ya pili hubeba kilichobaki.

Shamba la Ghaniya binti Suwailim liko chini ya mkondo,
hatua mia sita na arubaini, hatua zangu.
Ndimu zake zina majani ya manjano, mishipa ya kijani,
kama mikono ya mgonjwa.
Nilikuwa nimejitayarisha kwa Kiarabu cha ofisini,
viwango, ufuatiliaji, hatua stahiki.
Akanisikiliza matamshi, akacheka:
"Wewe mwana wa Mpemba. Sema kwa lugha tuliyonyonyeshwa."

Nikasema. Ikawa ngumu zaidi.
Kwa Kiarabu sumu ile ilikuwa nambari;
kwa Kiswahili ilikuwa sumu.

Akauliza kisima kitafikiwa lini.
Nikahesabu: changarawe hii, mteremko huu,
mvua kama ya mwaka juzi.
Miaka saba, nikasema. Au tisa.
Au imeshafika;
majibu ya mfuko wa ishirini na tatu hayajarudi.

Akachuma ndimu moja, akaikata kwa kisu cha mundu,
akainusa, akanipa nusu.
Nikasimama nayo kiganjani,
maji yake yakinitiririkia kwenye mkwaruzo wa keekee,
yakiniwasha,
na yeye akingoja aone
kama nitalamba.