Kibuyu cha Jumanne

Muuguzi Zulmira alifunga mlango kwa kisigino,
mikono yake yote miwili imeshika karatasi yangu.
Alisema neno moja, akanyamaza,
akaniachia nilizungushe kinywani
kama mtu aliyepewa mfupa
asijue ni wa kutafuna au wa kuzika.
Nje, Porto Alegre, mwezi wa saba,
upepo wa kusini ukichapa mabati ya kituo cha basi.
Nikajiuliza: kofia yangu nimeiacha wapi?
Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kofia.

Mimi ni fundi wa lifti, mwaka wa thelathini na moja huu.
Nimewatoa waliokwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba,
nikiwaambia kupitia upenyo wa mlango:
"Tulia. Hewa ipo. Kamba hazikatiki zote kwa pamoja."
Usiku ule nilijaribu kujiambia hayo hayo.
Sauti iligoma.

Wiki tatu nikaosha vikombe kwa maji yachemkayo
hadi vidole vikababuka.
Nikatenga kijiko, sahani, taulo,
nikavifunga uzi mwekundu
kama mbuzi wa mnada.

Karakana kwetu, saa nne asubuhi, kibuyu huzunguka:
majani mabichi yaliyosagwa, tunayaita mate,
maji ya moto, bomba moja la chuma, midomo saba.
Odair akinyoosha mkono, nasema: "Tumbo."
Kesho yake: "Jino."
Siku ya tatu sikusema kitu, wala sikuulizwa;
kibuyu kilinipita kama jirani tuliyegombana.
Upweke una kipimo. Ule ulikuwa shubiri moja
kutoka kiganjani mwangu.

Binti yangu Rosane akipiga simu kutoka Pelotas
namwambia mvua, bei ya gesi, paka wa mpangaji,
namwambia kila kitu isipokuwa.

Zulmira ndiye aliyenipa anwani.
Kila Jumanne, chumba nyuma ya parokia, ghorofa ya nne,
na lifti mbovu, bila shaka.
Niliutikisa mlango wake, nikanusa: breki imeungua.
Nikapanda ngazi nikiwa na hasira na breki,
ikawa nafuu kuwa na hasira na kitu ninachokijua.

Watu tisa, viti vya plastiki, hita inayonuka vumbi.
Neiva, mshona mapazia, miaka ishirini na miwili na virusi,
alikuwa akilalamikia magoti yake.
Magoti!
Kijana mmoja alikuwa akilia
na hakuna aliyemkimbilia na leso;
walimwacha alie mpaka mwisho,
kama unavyomwacha mtu amalize sentensi.
Mimi nilikuja na hotuba.
Nikasema: "Mimi... lifti yenu mbovu."
Wakacheka. Nami nikacheka,
kicheko kikageuka njiani, kikatoka maji.

Kisha kibuyu.
Neiva alikunywa, bomba likakoroma,
akajaza tena, akaninyooshea.
"Tumbo," nikasema.
"Uongo huo sote tumeutumia, umeisha makali.
Mate hayaambukizi, fundi. Kunywa, maji yanapoa."

Chungu. Moto.
Nilikuwa nimesahau jinsi kilivyo kichungu.
Nikavuta hadi bomba likakoroma,
maana kwetu, usipomaliza, umemtukana aliyekupa.

Hofu haijaniisha.
Kidonge nameza saa tatu usiku, baada ya taarifa ya habari,
na siku nyingine nakitazama kwanza, kama mdai mlangoni.
Odair bado hajui.
Rosane anajua tangu Jumapili:
alinyamaza hata nikadhani simu imekatika,
halafu akauliza kama nina soksi nzito.
Uzi mwekundu nimeukata. Wa taulo, na wa sahani.
Wa kijiko, bado.

Jumanne ijayo nabeba kisanduku cha zana.
Breki ile naibadilisha kabla hawajafika,
Neiva na magoti yake
asizione tena ngazi zile.