Kizibo

Kizibo cha soda kimoja, asubuhi, juu ya pumba.
Usizidishe, alisema Nkwimba, wala usikisie kwa kiganja.
Unga wa kijivu, wenye shombo ya dagaa wa Igombe
na kitu kingine kama msumari uliolowa:
seleni, vitamini, mafuta ya samaki.
Niliyaandika kwa mkaa ukutani, chini ya deni la mashudu.

Yeye alimwita Kumi na Saba, hereni ya njano sikioni.
Mimi nilimwita Bukoba
kwa kuwa alilala kichwa magharibi, kuelekea maji.

Ni dawa hii?
Si dawa. Ni lishe.
Ndani ya kila chembe ya mwili mna kitabu, akasema,
na lishe haiandiki humo hata neno;
inafungua ukurasa tu, ule wa uzazi, uliogandana.

Nikamkumbuka mama.
Mwaka wa njaa, na mitatu baada yake, tumbo kimya,
wakwe wakanong'ona, mganga akala mbuzi wawili.
Kisha mtama ukakubali, nami nikaja.
Nilimwambia Nkwimba hayo. Hakucheka.
Aliandika, akaniuliza mtama ulikuwa wa aina gani.

Siku ya thelathini ya mimba, gari likaja.
Ili jeni isikike ikisema
lazima mwenye jeni anyamaze.
Hilo hakunieleza, au alinieleza wakati wa mvua,
na bati langu mvua ikinyesha halisikilizi mtu.

Machinjioni nilisimama na ndoo tupu.
Wakautoa mji wa mimba,
mrefu, wa waridi, umejikunja kama nguo iliyokamuliwa.
Mji, kweli. Wakazi kumi na wanne,
kila mmoja kama kidole cha mwisho cha mtoto.
Kwa wenzake waliokula pumba kavu: tisa, kumi, tisa.
Nkwimba aliruka! Mtu mzima, na buti zake za mpira.
Ovari mbili zikaingia kwenye chupa inayofuka baridi,
zikaenda kusomwa.

Kesho Kwilabya atakuja kuuliza kama unga unafaa.
Unafaa. Nitamwambia kumi na wanne, na bei.

Kizibo kiko dirishani bado.
Kina meno ishirini na moja.
Nimeyahesabu mara mbili.