Tahadhari kwa Vyombo Vidogo

Saa tisa za usiku, zamu yangu, chai imepoa.
Ninaandika wiki ambayo haijatokea.

Jumamosi: upepo wa kaskazini-mashariki, noti kumi na tano,
rasharasha upande unaopokea upepo,
mawimbi futi nne hadi sita. Watoto waoge ndani ya mwamba,
wasivuke ule mstari mweupe, tafadhali.
Hilo tafadhali ni langu. Ignacio, mkuu wa zamu,
atalifuta asubuhi, kama anavyolifuta kila wiki.

Jumapili vivyo hivyo, ila joto.

Kisha simu ya kaka yangu kutoka Luta,
kisiwa tulichozaliwa, maili arobaini na ushei kutoka meza hii.
Hasemi hujambo. Anasema: Jumanne, je?

Maana Mama mdogo Rufina yuko Saipan
katika chumba cha baridi cha hospitali, tangu Jumanne iliyopita,
na ndege ya viti sita haipokei jeneza,
na tishari la mchele na saruji ndilo pekee litakalompokea,
na rozari imefika usiku wa nne,
na wali mwekundu umepikwa, umeliwa, umepikwa tena
kwa watu wanaouliza kwa macho tu,
maana ni watu wenye adabu zao.

Naitazama picha ya setilaiti.
Huko juu, karibu na Japani, kuna dhoruba
isiyotujua wala haitatufikia.
Inayapiga maji palepale ilipo,
na maji yanafunga safari ya siku tatu kuja kutuambia.
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si mgeni huyu.

Jumatatu jioni, wimbi refu kutoka kaskazini.
Jumanne, futi kumi na mbili.
Niliandika kumi.
Nikaitazama ile kumi, mviringo wake wa sifuri,
nikaifuta.
Futi mbili ni nini? Rula mbili za mtoto wa shule.
Lakini nahodha Atalig hatoki gatini zikizidi kumi,
na hunisoma mimi kabla hajatazama dirishani.
Kumi ingeng'oa nanga.
Kumi ingemleta Rufina nyumbani,
au ingewalaza watu watano ubavuni pake.

Jumatano, kumi na mbili. Alhamisi, kumi na mbili:
wiki ina siku ya tano mara mbili, na zote mbaya.
Mwezi mpevu, bamvua. Maji yatapanda ngazi za gati
hadi lile jiwe alipokuwa akivua ndara zake
kabla ya kushuka kuosha magimbi.
Taarifa haina mstari wa ndara.
Ina upepo, mawimbi, mkondo unaovuta nje,
asilimia ya radi, saa ya kujaa, saa ya kupwa.

Naye aliisikiliza redioni kila alfajiri,
hana mashua, hajui kuogelea,
kisha akanipigia kunisuta:
"Umesema mawingu kiasi. Kiasi gani?"

Namwambia kaka: Ijumaa.
"Rozari itakuwa imekwisha."
Anzeni upya, nasema.
Kimya. Nyuma yake jogoo, na mtu anakuna nazi.
"Ijumaa, una hakika?"
Sina. Nina asilimia sitini.
Sitini si hakika, ila watu wamejenga nyumba
juu ya chini ya hapo.
Nasema: mchimbe kaburi Alhamisi, mlifunike turubai.

Ijumaa: upepo ukipungua hadi noti kumi,
wimbi likishuka, futi saba mchana, tano usiku.
Tahadhari kwa vyombo vidogo inaondolewa.
Mawingu kiasi.

Nafuta kiasi.
Mawingu matatu, naandika, meupe,
yote upande wa magharibi, hayana mvua.

Ignacio na afute.