Saba

Tangu mwaka juzi namba saba imepotea.
Namba zetu ni vipande vya debe, rangi nyeupe,
zinaning'inia kwenye misumari ya ubao,
na saba, inayotakiwa kuliko zote
mtu akifunga trai na mkwaju ukapita,
pengine inaziba tundu la banda la kuku
mahali fulani Kijenge.

Jumamosi ya Julai. Baridi ya Arusha, ile ya kuuma masikio.
Meru amejifunika wingu hadi kiunoni.
Nimehesabu watazamaji kama nilivyozoea:
kumi na mmoja.
Wawili walikuwa wanajikinga na manyunyu.
Mmoja aliniuliza, kwa upole,
kwa nini refa hapigi filimbi
na wote wanashika mpira.

Ng'ambo ya barabara, kwenye banda la mabati,
watu mia wamelipa mia tano mia tano
kuwatazama Waingereza wakikosa penalti.
Bati likatetemeka kwa makelele.
Vijana wetu wakageuza shingo, skramu nzima,
kana kwamba wamefunga wao.

Mimi sijatumwa na mtu.
Gazeti lilishanipa barua ya shukrani na saa ya ukutani.
Nakuja kwa sababu nadaiwa.

Mwaka ule jukwaa lilijaa hadi watu wakapanda milonge.
Wachezaji walikuwa na mshahara,
mdogo, lakini mshahara, tarehe ishirini na nane.
Nilipiga picha mbili.
Ya kwanza: Lomayani amemkalia mtu wa Moshi matopeni,
ngumi hewani.
Ya pili, sekunde tatu baadaye:
ngumi ile ile imefunguka,
inamtoa yule wa Moshi udongo mdomoni
kwa kidole kimoja, taratibu,
kama mama anayemtafutia mtoto mwiba wa samaki.

Mhariri alizitazama zote mbili.
"Hii ya pili inauza nini?"
Kichwa cha habari nilikiandika mwenyewe, sikushikiwa fimbo:
RAGA AU BUCHA?

Nakala ziliisha kabla ya saa nne asubuhi.
Wiki iliyofuata akanipigia simu: safari hii kuna damu?
Nikaenda kuitafuta.
Anayetafuta damu haikosi, hata kwa kinyozi.

Wazazi walisoma.
Mwalimu mkuu mmoja akaupasua mpira wa yai
kwa kisu cha jikoni, mbele ya paredi.
Mfadhili, muuza matairi, akasema
jina la duka lake halikai vizuri
jirani na neno bucha.
Kisha hata damu yenyewe watu wakaichoka,
maana mshtuko nao huchuja
kama kanga ya bei ya chini, mfuo wa tatu tu.
Gazeti likahamia kwenye ndoa za wanamuziki.
Huku hakuna aliyetuchukia.
Walitusahau tu, bila kinyongo.

Leo Lomayani ndiye anayemwaga chokaa mistarini,
sikio limekunjamana
kama andazi lililoepuliwa kabla ya wakati.
Miaka yote hii hajaitaja ile picha.
Afadhali angenitukana.

Dakika ya sitini kijana wa kina Akyoo,
mwembamba, viatu vya kuazima,
akapita pembeni, akapita,
mtu akamshika jezi, ikabaki nusu,
akavuka mstari akajitupa
na kuinuka na chokaa kifua kizima.
Mkwaju ukapita katikati ya milingoti.

Saba.

Lomayani akautazama ubao.
Akanitazama mimi.
"Mwandishi, njoo upate kazi."

Nikaiweka kamera kwenye nyasi mbichi,
nikasimama chini ya jina la timu,
mkono mmoja wazi, wa pili vidole viwili,
hadi mabega yakaingia ganzi.
Mtoto mwenye dumu la maji akasimama njiani.
"Babu, unamwita nani?"

Sikuweza kushusha mikono nimjibu vizuri.
"Weka dumu," nikasema.
"Bado dakika ishirini."