Maharage ya Kupanda

Mvua ya Tukuyu haina likizo. Mimi ninayo.
Nimeshuka na basi la jioni kutoka chuoni,
begi limejaa vitabu vya wokovu vilivyoanza kuota ukungu,
nikamkuta Mama jikoni, ungo mapajani,
anachambua maharage ya kupanda.

Huku moja. Kule mbili. Huku.
Kidole hakisiti.
"Haya, soma," akasema, "hayo wanayokufundisha."

Nikafungua Warumi, sura ya tisa:
mapacha bado wamo tumboni,
hawajatenda jema wala baya,
na tayari mmoja amependwa.

Kidole kikasita.

Tulikuwa wawili. Gwakisa alitangulia kutoka,
mimi nikafuata, nusu saa baadaye, mdogo kama gunzi.
Mwaka wa surua tulilazwa kitanda kimoja,
blanketi moja, homa moja.
Alfajiri muuguzi akaja akabeba mmoja.

Tangu hapo kila mzee wa kanisa aliyenishika kichwa
alisema: Huyu Mungu kamchagua.
Nikakua ndani ya neno hilo
kama ndani ya koti la marehemu,
zuri, zito, limenizidi mabega.

Basi nikamweleza Mama ya mhadhiri wetu, Mchungaji Mwasandube:
kwamba siku hizi wanateolojia hawahesabu tena vichwa,
hawa wa mbinguni, hawa wa motoni;
kwamba Mteule ni mmoja, Kristo,
na Mkataliwa ni huyohuyo,
sote tumo ndani yake, katika ndiyo na katika hapana.
Nilieleza vizuri.
Kwa maneno hayo nilipata themanini na moja.

Mama akapuliza moto.
"Mchagua jembe si mkulima, wanasema.
Mchagua mbegu je?
Haya niliyoyateua, unajua yanakwenda wapi?"

Shambani, nikajibu.

"Ardhini. Kwenye baridi. Yaoze kwanza.
Na haya yaliyobunguliwa, yaliyosinyaa?"
Akayamimina chunguni.
Maji yaliyokuwa yakitokota yakanyamaza ghafla,
kama darasa mkuu wa chuo akiingia.
"Haya ndiyo chakula chetu leo."

Bati likahesabu matone, likakosea, likaanza upya.

Kisha, bila kunitazama:
"Nani alikwambia, Lusajo,
kwamba aliyechaguliwa usiku ule
ni wewe?"

Sikuwa na tanbihi.
Nje, nyuma ya migomba, kuna kakaburi kasiko na saruji,
kila mwaka Mama hukapalilia kabla ya shamba,
na sikuwahi kuuliza kwa nini kabla.
Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika shuka hadi shingoni.

Tulikula kwa taa ya chemli.
Yalikuwa matamu, yale mabovu, Mungu anisamehe,
nikaongeza.
Katika bakuli la pili jino likagonga jiwe.
Nikalitoa, nikalifuta, nikalishika kiganjani,
dogo, jekundu, limefanana na mbegu kabisa,
ungo uko pale, na mimi sijui
niliweke upande upi.